Sementi Haisubiri Mshenga

Ukuta ulinitemea udongo usoni kwa mara nyingine, nami nikautukana. Nikautukana kwa sauti, tusi ambalo mama angekuwa hai angenikata jicho mpaka nikae chini mwenyewe.

"Si unate basi, mshenzi wewe!"

Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya korido ya nyumba aliyoniachia marehemu mama pale Kilosa, mwiko mkononi, kilemba kimejaa vumbi la chokaa. Nilikuwa napiga lipu. Mimi, Regina, mpishi wa hoteli ya kando ya barabara kuu Mikumi, mtu wa kuunga maharage na kukaanga chipsi, nilikuwa napiga lipu kwa kufuata video ya kwenye simu. Kwenye video yule dada alirusha mchanganyiko wake wa mchanga na sementi huku anatabasamu, nao ukakaa. Wangu ulinata kidogo, ukafikiria, kisha ukashuka wote pamoja na kipande cha lipu ya zamani.

Nyumba yenyewe ni ya tofali za kuchoma, korido katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uani. Ilifungwa tangu mama afariki. Fundi wa kwanza niliyemwita aliizunguka, akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa, akataja gharama ambayo ungedhani anajenga kanisa. Nikamshukuru kwa muda wake, nikaenda kununua mwiko.

Ila kazi hii sikuianza na simu. Niliianza na Malimi.

Malimi ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake palepale Mikumi. Ni Msukuma; wazazi wake walihamia Zombo na ng'ombe wao yeye akiwa wa kubebwa mgongoni. Ni mrefu mpaka milango ya mama imemtoa nundu. Kila siku zangu za mapumziko tulikuwa tunakuja wote Kilosa. Tumebadilisha bati zilizooza. Tumeng'oa fremu zilizoliwa na mchwa. Tumemwaga sakafu chumba cha mbele, ikapasuka, tukaimwaga tena. Tumegombana juu ya dirisha mpaka majirani wakatoka nje. Tumekula mihogo ya kuchoma tumekaa juu ya mfuko wa sementi, goti kwa goti, na sijawahi kula chakula kitamu vile. Hapa ndipo tulipopanga kuanzia maisha.

Halafu mwanaume akanyamaza. Tangu mshenga wao aje kwa mjomba wangu kuniposa na kuondoka, Malimi hapokei simu, meseji hajibu, kibandani kwake nikifika naambiwa ametoka sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilidumu wiki mbili. Mshenga anakuja kuposa, muoaji anatoroka! Umesikia wapi jambo kama hilo?

"Hodi."

Sauti niliijua. Moyo wangu, ambao hauna adabu hata kidogo, ukaruka.

"Karibu," mdomo ukasema kabla sijaukataza.

Malimi aliinama kupita mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi la kwendea mjini, na macho yake yalizunguka kila mahali isipokuwa usoni kwangu. Nje niliisikia bajaji ikinguruma.

"Habari za siku, Regina."

"Za siku zipi? Hizi ulizokufa, au zile ulizokuwa hai?"

"Nimekuja kuchukua vifaa vyangu. Ngazi, pimamaji, na ile rula ndefu. Nina kazi Ruaha."

"Kazi ipo hapa."

"Najua."

"Kama unajua, chukua ngazi yako hiyo hapo, uende. Sikukushika shati."

Akaenda kwenye ngazi. Akaishika. Kisha macho yakamponyoka, yakaenda ukutani, yakashuka mpaka kwenye lundo la udongo uliodondoka sakafuni. Nikamwona anajizuia. Fundi kuona kazi mbovu akanyamaza ni sawa na mpishi kunusa chakula kinaungua akakiacha.

"Ukuta hukuulowesha," akasema.

"Nini?"

"Ukuta mkavu unanyonya maji yote ya udongo. Ndiyo maana unaanguka. Unaumwagilia kwanza."

"Simu haikusema."

"Simu imezaliwa Kilosa hiyo?" Akachungulia kwenye karai, kisha kwenye rundo kubwa nililolichanganyia pembeni. Sura ikambadilika. "Regina. Umechanganya mfuko mzima?"

"Mfuko mzima."

"Mtu mmoja? Mfuko mzima kwa mara moja?"

"Ndio wa mwisho. Sikutaka kuchanganya mara mbilimbili."

"Utaganda huu! Saa hizi hizi utakuwa jiwe!"

"Acha ugande. Wewe una kazi Ruaha."

Akasimama pale na ngazi yake. Nje honi ya bajaji ikalia, na dereva, kijana mmoja wa stendi anaitwa Mathias, akapaza sauti: "Bosi! Tunapakia au tunalala hapa?"

"Ngoja kidogo!" Malimi akamjibu. Akaiegemeza ngazi ukutani kwa hasira, akavua lile shati safi, akalitundika kwenye msumari. "Sementi haisubiri mtu. Lete maji."

Nikaenda kuleta maji. Nilikwenda nimenuna na nikarudi nimenuna, lakini sitawadanganya: mabega yale nilikuwa nimeyakumbuka. Nikajilazimisha kutazama karai.

Alimwagia ukuta mpaka ukawa mweusi, kisha akaanza kurusha. Udongo ukawa unakaa. Yaani uleule! Ukuta uleule! Nilitamani kulia. Mimi nikawa namjazia karai, yeye anarusha, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, midomo ikapata nafasi.

"Haya," nikasema. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Malimi, sitakupa karai lingine."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama, na yale macho hayakuwa ya mtu aliyeacha kupenda. Yalikuwa ya mtu ambaye halali.

"Mshenga wetu, mzee Elikana, alileta jibu nyumbani."

"Jibu gani? Siku ya posa mimi nilikuwa uani kwa mjomba na wanawake wenzangu. Nilichosikia ni mjomba kucheka."

"Na Elikana? Ulimsikia akicheka?"

Nikafikiri. Kwa kweli sikumsikia.

"Elikana alisimama mbele ya baba," Malimi akaendelea, na kila sentensi akairusha pamoja na udongo. "Akasema, 'Wale watu wamekataa. Binti hawatoi. Wamesema kama mnataka undugu, nyie ndio mlete kijana na mkeka wake, wao watamwoa, maana nyumba ni ya binti na wana shida ya mtu wa kuchota maji.' Alisema hivyo mbele ya baba, mbele ya mama, na mbele ya mdogo wangu Shimba."

Kwanza nikashikwa na kicheko. Kicheko kikafika kooni, kikageuka hasira.

"Malimi, huo si ni utani!"

Akakwangua mwiko kwenye ukingo wa karai.

"Nyie Wasukuma, sisi Waluguru, tangu enzi za mababu ni watani! Wewe na mjomba Rafaeli hamjawahi kusalimiana bila kuitana mateka! Mngemtuma Msukuma mwenzenu, angejibu hapohapo kwamba nyie Waluguru mmeishiwa nguvu mpaka mnaomba wachota maji, watu wangecheka, soda zingefunguliwa, mambo yangeisha. Nyie mkamtuma Elikana. Mpare! Mpare ana utani gani na sisi?"

"Ni mzee wa kanisa. Ni mtu makini."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe! Makini! Akayabeba maneno ya mjomba kama yalivyo, akayafikisha kama mtungi wa maji, hata tone halikumwagika!"

"Nilihisi kwamba ni utani," akasema polepole.

Mkono wangu uliokuwa na karai ukashuka. "Ulihisi?"

"Nilihisi. Lakini utani haukasirikiwi, Regina. Mtani akikutania ukaumia, wewe ndiye mjinga. Ningekwenda kumwambia nini mjomba wako? Kwamba nimeumia? Na kule nyumbani hawakusikia utani. Wamesikia Malimi anaolewa. Shimba ananiita bibi harusi. Tukienda kunywesha ng'ombe ananiambia mimi nibaki nipike."

"Wiki mbili hupokei simu yangu kwa sababu Shimba kakuita bibi harusi?"

"Si Shimba tu. Baba tangu siku ile hajanisemesha. Mama ndiye anapiga simu, kila asubuhi." Akafuta jasho kwa mkono, akajipaka sementi kwenye nyusi. "Anataka tukakae Zombo. Kuna eneo kando ya boma la baba. Tutainua vyumba viwili, tunaanza upya. Huku tunaacha."

Huku tunaacha. Alisema hivyo kama mtu anayesema tuache mlango wazi.

"Tunaacha nini?" Sauti yangu ikapanda mpaka kwenye kenchi za paa. "Hiki kidole kilichopoteza ukucha nilikipiga kwa nyundo ya nani? Nani alilala juu ya hizi bati kuzuia upepo usizichukue ulipokuwa unatafuta misumari? Kwetu nyumba hufuata tumbo, Malimi. Ilikuwa ya bibi, ikawa ya mama, leo yangu. Sina shamba, sina ng'ombe, sina kitu kingine duniani. Nikitoka humu, nani anaingia? Popo?"

"Na kwetu mwanamume akihamia kwa mkewe hana sauti!"

"Nani asikusikilize humu? Mchwa?"

"Sicheki, Regina."

"Na mimi nacheka?"

Tukatazamana. Nyusi zake nyeupe kwa sementi, kifua kinapanda na kushuka. Nilitaka kumpiga karai la kichwa, na nilitaka kumfuta uso kwa kanga yangu, yote kwa wakati mmoja.

"Sitaki kukupoteza," akasema. "Na sitaki kudharauliwa. Niambie nifanyeje."

"Mimi sitaki kuhama, na sitaki uondoke. Na wewe niambie nifanyeje."

Bajaji ikapiga honi. Akageuka, akarusha udongo mwingine.

Tukiwa hivyo ndipo mjomba Rafaeli akaingia. Ndiye kaka pekee wa mama, mfupi, mkavu, mtu ambaye hata msibani lazima amtanie mtu. Hakupiga hodi, maana kwake ile ni nyumba ya dada yake.

"Aaa, mateka wangu yumo!" akapiga makofi. "Nani kakufungulia zizi leo?"

Kwa kawaida Malimi angemjibu kwamba zizi lilibomoka kwa sababu lilijengwa na Mluguru. Safari hii akashusha mwiko, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mjomba akasubiri. Akasubiri tena. "Ndiyo hiyo tu? Michembe yenu ya viazi imekukwama kooni?"

Malimi akainamia karai. Mjomba akanigeukia.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Uko njiani!" nikalipuka. "Na leo humu ndani hakuna utani. Nimeupiga marufuku. Atakayetania, nampaka udongo, awe mkubwa awe mdogo."

"Regina, utani haukatazwi. Ni wa mababu."

"Mababu hawana lipu ya kumaliza! Mjomba, ulimwambia nini Elikana?"

Uso ukamchanua kwa kumbukumbu. "Yule mzee! Nilimwambia binti hatutoi, kijana wenu tutamwoa sisi. Hakucheka hata jino. Nikasema, huyu ni mtani mgumu, huyu anajua kazi. Nikamwita mateka, akaniangalia tu. Nikamnyang'anya kofia, akaniachia! Kofia ninayo nyumbani mpaka leo, namsubiri aje kuikomboa."

"Alirudi kichwa wazi," Malimi akanong'ona. "Tukadhani imepeperuka kwenye pikipiki."

"Mjomba," nikasema, "Elikana ni Mpare."

Tabasamu likakaa palepale, halijui liende wapi.

"Mpare?"

"Mpare wa Same."

"Si Msukuma?"

"Mjomba!"

"Loh!" Akakaa juu ya ndoo yangu kama mtu aliyekatwa miguu. "Mzee wa watu nimemvua kofia. Loh, loh, loh. Atakuwa amenionaje?"

Mdomo wa Malimi ukacheza upande mmoja. Nikafikiri, afadhali, tumepona. Lakini akajizuia, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Kwa hiyo, mjomba, ulikuwa utani. Wote?"

Mjomba akafungua kinywa. Nikanyanyua mwiko wenye udongo. Akakifunga. Akautazama ukuta mpya, uliolowa, akaugusa pembeni kwa kidole gumba.

"Nusu," akasema.

Malimi na mimi tukamkodolea macho.

"Msinitazame hivyo. Mmenikataza utani, basi sikilizeni. Dada yangu alipofariki, mimi njia hii niliacha kupita. Nilikuwa nazunguka kule nyuma ya reli, nisiione. Nyumba imefungwa, paa linakwenda, na mimi ndiye mwanamume wa ukoo na sina uwezo wa kununua hata bati. Mlipofungua madirisha, nikaanza kupita tena. Asubuhi nasikia nyundo, nasikia mnagombana, nasema, humu kuna watu." Akakohoa, akatazama ukuta. "Alipokuja mshenga nikajua wanakuja kumchukua. Wasukuma huchukua. Wana haki yao. Sasa ningesemaje? Ningemwambia mgeni kwamba naogopa? Nikatania. Mtu akitania haulizwi."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mjomba akisema maneno mengi hivyo bila kumtukana mtu. Hasira yangu yote ikatafuta pa kukaa, ikakosa.

Malimi alisimama, udongo unamdondoka mikononi. "Ungeniambia mimi," akasema mwishoni. "Mimi ungeniambia hivyo hivyo."

"Wewe ungeniambia kwamba umeumia?"

Na mimi nikapandwa na hasira tena. Yaani wanaume wawili wazima, kila mmoja ameficha donda lake nyuma ya kicheko, na mimi ndiye niliyeoga machozi wiki mbili kwenye masufuria ya watu!

Simu ikaita ndani ya mfuko wa lile shati msumarini. Malimi akaitazama mikono yake, imejaa sementi mpaka kwenye viwiko.

"Mama," akasema. "Anataka kujua kama nimeshapakia vifaa."

"Mwache," mjomba akasema.

"Hapana. Regina, nishikie."

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaitoa simu, nikaibonyeza itoe sauti nje, nikaisogeza mdomoni kwake. Ilibidi nisimame karibu sana. Alinukia jasho na chokaa, na pumzi yake ilinigusa vidole.

Mama yake alianza kwa Kisukuma, haraka haraka. Sikuelewa hata neno moja isipokuwa jina la Zombo. Siku zote Malimi alikuwa anatoka nje kuzungumza naye, kwa lugha yao. Leo hakutoka. Na alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, ananitazama machoni.

"Shikamoo, mayu. Sijapakia... Hapana, havitoki. Vinabaki hapa."

Kisukuma kikaongezeka kasi.

"Na mimi nabaki, mayu. Mahari tutatoa, kama kawaida. Ila tutakaa hapa, kwa Regina. Ni nyumba ya mama yake... Hapana, hawajaniroga. Sijala kitu, hata chai sijanywa... Ndiyo. Shimba aite anavyotaka." Akavuta pumzi. "Kama huko ndiyo kuolewa, basi mayu, nimekubali kuolewa."

Mjomba alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi niliishika simu ile kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Upande wa pili nikasikia kuku wa Zombo wakilia kwa mbali.

Halafu mama yake akaanza kusema, safari hii polepole. Hakufoka. Alisema maneno kadhaa tu, kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu cha mtu mzima, simu ikakatika.

Malimi akaendelea kuitazama simu.

"Amesemaje?" nikauliza. "Malimi, amesemaje? Utaniua!"

"Amesema..." Ilibidi aanze upya. "Amesema yeye alihamia kwao baba hajui mtu hata mmoja. Walimcheka anavyosonga ugali, walimcheka anavyotembea, na hakuna aliyemuuliza kama anaona aibu. Amesema hakufa. Kwa hiyo na mimi sitakufa."

Mjomba Rafaeli akainuka pale kwenye ndoo, akatoka nje, nikamsikia anamwambia Mathias aende zake, hakuna mzigo.

Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa na hasira nayo, na nilikuwa na hasira na Malimi, na bado nilimpenda.

"Wiki mbili," nikamwambia, nikimfuta sementi kwenye nyusi kwa pindo la kanga, tena kwa nguvu, aumie kidogo. "Wiki mbili umenitesa."

"Nisamehe."

"Nitafikiria. Rusha udongo, unaganda."